Dawa ya Kahawia na Macho ya Kichanga

Leo tunaizungumzia ile dawa ya kahawia ya vidonda, ambayo wengi wenu hapo Kipevu mnayo nyumbani.

Ndani yake mna iodini, inayoua vijidudu. Lakini iodini pekee huchoma ngozi, tena haiyeyuki vizuri majini. Kwa hiyo huunganishwa na povidoni, kitu kilichotengenezwa na wataalamu ambacho huyeyuka majini upesi. Povidoni huibeba iodini kama mchukuzi wa bandarini na gunia lake, kisha huiachilia kidogo kidogo. Ndiyo maana kidonda hakiungui.

Je, wajua kwamba dawa hii ilijaribiwa machoni mwa vichanga hapa hapa Kenya? Ilikuwa Kikuyu, karibu na Nairobi, na matokeo yakatangazwa mwaka 1995. Watoto 3,117 walitiwa dawa ya macho baada ya kuzaliwa. Waliopata maambukizi ya macho walikuwa asilimia 13.1 kwa povidoni-iodini, 15.2 kwa erithromaisini, na 17.5 kwa matone ya zamani ya naitreti ya fedha.

Sasa mama, sikiliza vizuri. Matone yale yalikuwa ya asilimia 2.5, yaliyotayarishwa kwa ajili ya macho. Chupa ya vidonda mara nyingi ni ya asilimia 10, yaani nguvu mara nne, na nyingine zina sabuni. Usimtie mtoto machoni kamwe! Wala usimpake kichanga kitovuni bila kuelekezwa na muuguzi, kwani iodini hupenya ngozi yake laini na kuisumbua tezi ya shingoni.

Mtoto aliye chini ya siku 28 akivimba macho au akitoka usaha, usimtie chai wala maziwa ya kifua. Mpeleke siku hiyo hiyo Hospitali ya Port Reitz au zahanati iliyo karibu nawe. Huenda ni kisonono alichoambukizwa wakati wa kuzaliwa, nacho chaweza kumpofusha kwa siku chache. Usione haya. Mtoto atatibiwa, na wewe na mumeo pia mtatibiwa.

Na wewe mjamzito, ukijifungua muulize mkunga: "Mwanangu ametiwa dawa ya macho?" Ni haki yako kuuliza.