TV Ikizimika Haijafa: Tuzitengeneze na Tuzitunze
(Mazungumzo na vijana na wazazi, Salama, kaunti ya Makueni)



  Nimeombwa nizungumze juu ya jambo la nyumbani kabisa: zile TV bapa za zamani zilizozimika tukaziegemeza ukutani, au tukazisukuma chini ya kitanda.

Mtu atauliza, TV na Ramadhan wapi na wapi? Huu ndio mwezi wa kujizuia, lakini tazama mifuko yetu Idd inapokaribia. Mtu anakopa anunue TV mpya, na ile ya zamani ina ugonjwa mdogo tu ambao hakuna aliyeupima. Tukisikia neno israfu tunafikiria chakula kilichomwagwa baada ya futari. Kutupa kitu kizima kwa sababu ya kipuri kimoja kibovu ni israfu pia.

ZILIVYOTUFIKIA

Wengi wetu tulianza na TV za mgongo. Zikaja hizi bapa, nyingine mpya kutoka dukani, nyingine za mtumba kutoka Uingereza na Dubai. Halafu ukaja uhamaji wa dijitali. Mkataba wa nchi nyingi uliotiwa saini Geneva mwaka 2006 uliweka mwisho wa analojia kuwa tarehe 17 Juni 2015, na hapa Kenya mitambo ya analojia ilizimwa mapema mwaka huo wa 2015.

Hapo TV nyingi nzima zilidhaniwa zimekufa. Kumbe TV ilikuwa nzima, kilichobadilika ni mawimbi. Kenya tunatumia mfumo unaoitwa DVB-T2, na TV nyingi za zamani hazina sehemu ya kuupokea, hata baadhi ya zile za Ulaya zenye dijitali ya kwanza. Dawa yake ni king'amuzi. TV ikiwa na tundu la HDMI, chomeka hapo. Ikiwa haina, tumia zile nyaya tatu: ya njano ya picha, nyekundu na nyeupe za sauti. Na mwenye kutaka intaneti kwenye TV ya zamani anaweza kuongeza kisanduku kidogo kwenye HDMI hiyo hiyo. Si lazima anunue TV nyingine.

MAGONJWA YA KAWAIDA

Sasa tuje kwenye magonjwa yenyewe. Nitayataja manne.

1. Sauti ipo, picha hakuna. Zima taa za chumba, washa tochi, umulike kioo kwa karibu na kwa pembeni. Ukiona picha hafifu kwa mbali, basi kioo kizima, taa za nyuma ya kioo ndizo zimekufa. Kioo cha TV nyingi bapa hakitoi mwanga wake. Kinamulikwa kutoka nyuma. TV nyingi za miaka ya 2000 zilitumia mirija myembamba ya taa, na zilizofuata zikatumia vitaa vidogo vya LED vilivyopangwa kwenye tepe. Mara nyingi vitaa hivyo vimeungwa kwa mfuatano, kama watu walioshikana mikono kuvuka mto. Mmoja akiachia, msururu wote unakatika. Kwa hiyo kitaa kimoja kidogo kinaweza kuzima TV nzima.

Fundi mwenye haraka ataruka kitaa kibovu kwa kipande cha waya. Picha itarudi, ila itakuwa na kivuli, na vitaa vilivyobaki ni vya umri ule ule. Baada ya muda utarudi kwake. Afadhali abadilishe tepe zote kwa pamoja, zenye volti sawa na za mwanzo.

2. Taa nyekundu inawaka au inapepesa, TV haiwaki. Hapa mara nyingi shida iko kwenye bodi ya umeme. Kuna vipuri vinavyoitwa kapasita, kama vikopo vidogo. Kikopo kikivimba juu au kikivuja, kimekwisha. Kipuri chenyewe ni cha bei ndogo. Fundi aweke chenye kipimo kile kile, na volti zile zile au zaidi, zisipungue.

3. Haina dalili yoyote ya uhai. Anza na mambo ya aibu: soketi, waya, swichi iliyo chini au ubavuni mwa TV, halafu fyuzi. Jaribu soketi nyingine kabla hujambeba mgonjwa mpaka kwa fundi.

4. Inawaka, inaonyesha nembo ya kampuni, inajizima na kurudia. Inaweza kuwa umeme haufiki sawasawa, au programu ya ndani imeharibika. Programu inaweza kuwekwa upya kwa flashi, lakini iwe ya modeli hiyo hiyo hasa. Ukiweka ya TV nyingine unaweza kupoteza hata picha.

Na kioo kilichopasuka? Hapo niseme ukweli: kukibadilisha kwa kawaida hakulipi, kwa sababu kioo ndicho sehemu ya gharama kubwa kuliko zote. Lakini hata TV hiyo isitupwe. Bodi zake, spika zake na vitaa vyake vinaweza kumponya mwenzake. Kipimo changu ni hiki: gharama ya matengenezo ikifika nusu ya bei ya TV nyingine kama hiyo, simama ufikirie.

TUSICHEZE NA UMEME

Vijana, nisikilizeni vizuri hapa. Umeme wa nyumbani ni volti 240, lakini ndani ya bodi ukishageuzwa unakaa kwenye kapasita kubwa ukiwa karibu volti 340. Unaweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa plagi. Kwa hiyo asiyefundishwa asifungue mfuniko wa nyuma. Kujua ugonjwa ni kazi ya kila mtu, kufanya upasuaji ni kazi ya fundi.

UFUNDI NI AMANA

Watu wengi hawaogopi gharama, wanaogopa kudanganywa. TV inaingia na ugonjwa mmoja, inatoka na miwili. Fundi Muislamu, aliyefunga, aanze kwa kupima na kutaja bei kabla ya kufungua mkono. Amrudishie mwenye mali kipuri kibovu akione. Asichomoe kizima akaweka kilichochoka. Na aandike risiti, hata kama ni kwa mkono, yenye tarehe na kazi iliyofanywa.

Na sisi wateja tuna makosa yetu. Fundi ametumia nauli hadi Luthuli Avenue, Nairobi, kutafuta kipuri, nasi tunamwambia "nitakulipa mwisho wa mwezi," na mwisho huo hauji. Ujira wa mfanyakazi nao ni amana.

KUTUNZA

Kuna mambo machache ya kuzingatia. Ingia kwenye mipangilio ya picha upunguze mwanga wa taa za nyuma, kwani TV nyingi zinatoka kiwandani zikiwa juu sana, na vitaa hufa kwa joto. Huku kwetu kuna vumbi: funika TV ikiwa imezimwa, lakini usizibe matundu yake ikiwa inawaka. Kioo kifute kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, usikipulizie maji. Stima ikipotea, chomoa plagi, na ikirudi ngoja dakika chache kwanza. Mvua ya radi ikianza, chomoa umeme na waya wa antena pia. Na ifungeni imara, mtoto asije akaivuta ikamwangukia.

KAZI KWA VIJANA WETU

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ilieleza kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme, na kiasi kilichothibitishwa kukusanywa na kuchakatwa vizuri hakikufika robo. Huko Ulaya, tangu Machi 2021 sheria inawataka watengenezaji wa TV wahakikishe vipuri fulani vinapatikana kwa angalau miaka saba. Wenzetu wameona kwamba kutengeneza ni jambo la kulindwa. Sisi hatujangoja sheria, mafundi wa jua kali wamefanya kazi hii miaka yote.

Salama iko kwenye barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa. Magari yanapita mchana na usiku, hoteli zina TV, nyumba zina TV. Kipuri kikiagizwa Nairobi asubuhi kinaweza kufika kwa matatu jioni. Kwa nini TV ya Salama ibebwe hadi mjini, na kijana wa Salama amekaa kwenye ukuta? Vyuo vya ufundi vya kaunti vipo. Na kwa aliyejifunza kwa mikono, kuna mitihani ya ufundi ya NITA, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza, ili awe na cheti cha kuonyesha.

Ombi langu ni hili. Kabla ya Idd, kila nyumba itoe ile TV iliyo chini ya kitanda ipimwe kwa tochi. Inayopona irudi sebuleni, au ipewe madrasa au jirani asiye nayo. Isiyopona ipelekwe kwa fundi iwe vipuri. Tusiichome wala kuivunja, maana moshi wake ni sumu, na ile mirija ya zamani ina zebaki. Na kila fundi hapa amchukue kijana mmoja akae naye.

Mwenyezi Mungu azikubali saumu zetu na atujaalie riziki ya halali. Amin.