Kutunza Sanaa, Kutunza Hadhira



Mimi si mchoraji, ni mwanaisimu. Kwa hiyo nitaanza na neno. Mtu anayechagua kazi za sanaa, akazipanga ukumbini na kuwaalika watu waje kuzitazama, tumwiteje kwa Kiswahili? Wapo wasemao mratibu wa maonyesho, na wapo wasemao msimamizi. Mimi napendelea mtunzaji, kwa sababu kitenzi kutunza kina maana mbili. Kwanza, ni kukiangalia kitu kisiharibike. Pili, ni kumpa zawadi mwimbaji au mcheza ngoma; wengine husema kutuza. Katika taarabu, msikilizaji huinuka kitini, hujongea mbele huku akicheza, akatoa fedha yake wakati ule ule unapoimbwa ubeti unaomgusa. Ukumbi mzima hutambua kuwa amesema jambo, ijapokuwa hakufumbua kinywa. Hapo anayetunza ni hadhira.

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kutafsiri maelezo yanayobandikwa kando ya picha katika maonyesho fulani jijini Dar es Salaam. Niliifanya kazi hiyo kwa fahari. Istilahi kama udhahania na udhanaishi zilijaa tele, nami niliona kuwa nimekitendea haki Kiswahili. Siku ya ufunguzi mlinzi wa mlangoni, mzee wa rika langu, aliniita pembeni. Alikuwa ameyasoma maelezo yote. Akaniuliza: "Samahani Profesa, maneno haya anaambiwa nani?"

Sikuwa na jibu. Angeniuliza maana, ningemfafanulia. Yeye aliuliza juu ya msemeshwaji, na msemeshwaji hakuwapo. Kiswahili kilikuwapo ukutani, lakini hakikuwa kinasema na mtu.

Jibu nililipata baadaye katika kanga. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maneno yake. Mara nyingi jina halielezi picha iliyo katikati. Pengine havihusiani hata kidogo. Hata hivyo, mnunuzi hulisoma jina kabla hajalipa, na anayepewa kanga hujiuliza amekusudiwa nini. Jina la kanga ni fumbo, lakini daima ni fumbo la kuambiwa mtu. Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kupata Tuzo ya Turner nchini Uingereza mwaka 2017, amechora kazi nyingi kwa umbo hilo la kanga, pamoja na maneno yake. Naona kwamba hapo picha na usemi hukaa pamoja bila kimoja kuwa mtumwa wa kingine.

Wapo watakaosema kwamba kumjali mtazamaji wa kawaida ni kuishusha sanaa. Sikubaliani nao. Kumsemesha mtu si kumrahisishia. Kumweleza kila kitu ni kumnyima kazi yake. Kumwandikia asichoweza kukijibu ni kumfukuza kwa adabu. Kati ya mawili hayo ndipo ilipo kazi ya mtunzaji, na ndipo sisi wanaisimu tunapohitajika. Maelezo yatungwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, yasingoje kutafsiriwa. Na kabla hayajabandikwa, yasomwe kwa sauti mbele ya watu watakaoyaishi.

Yule mzee alikaa na picha zile kutwa. Aliniambia ni picha ipi watoto huirudia, na ipi watu huipita bila kugeuza shingo. Hadhira, kwa asili ya neno lenyewe, ni wale waliohudhuria. Katika ukumbi ule hakuna aliyehudhuria kumzidi yeye, nami niliandika kurasa nzima bila kumwuliza lolote.

Wanafunzi wangu, mtakapopewa kazi kama ile, anzeni mlangoni.