Tupime Kabla ya Kusadiki

(Mazungumzo kwa wahitimu wa kisomo cha watu wazima)



Tumekwisha jua kusoma, kuandika na kuhesabu. Tunasoma maandishi ya mfuko wa mbegu. Tunahesabu wenyewe fedha za mazao yetu. Mtu hawezi tena kutupunja kwenye mizani kirahisi. Lakini iko mizani nyingine ambayo wengi wetu bado hatujaishika. Nayo ni mizani ya kupima maneno.

Kila msimu maneno yanakuja kijijini. Huyu anasema mbegu yake inazaa mara mbili. Yule anauza unga, anasema kuku waliopewa unga huo hawafi kideri tena. Mwingine ana chupa moja ya dawa, eti inatibu magonjwa 40! Na wote wana mashahidi. Sasa tumwamini nani? Tukikosea tunapoteza fedha za sare za watoto. Au tunapoteza msimu mzima. Au tunapoteza mtoto. Kwa hiyo jambo hili si la mchezo.

Leo tuzungumze juu ya njia wanayotumia wataalamu kujua kama kitu kinafaa au hakifai. Njia hiyo si ya wasomi wa mijini tu. Hata sisi tunaiweza.

JOGOO HALETI MAPAMBAZUKO

Wazee walisema: jogoo awike asiwike, kutakucha. Jogoo anawika, halafu kunakucha. Lakini hakuna anayesema kuwa jogoo ndiye aliyeleta jua.

Basi kwa nini tunasahau jambo hilo tunapopata dawa? Mtu ana mafua. Siku ya nne anakunywa dawa ya chupa. Siku ya saba amepona. Anasema, "Dawa hii ni kiboko!" Lakini mafua mengi hupona yenyewe baada ya wiki moja hivi, mtu akinywa dawa au asinywe. Kitu kutokea baada ya kingine si lazima kiwe kimeletwa na hicho cha kwanza.

Ili kujua, lazima tuulize: Je, kama asingekunywa, ingekuwaje? Swali hilo ndilo mzizi wa mazungumzo yetu yote ya leo. Na kwa mtu mmoja peke yake hatuwezi kulijibu. Hawezi kunywa na pia asinywe kwa wakati ule ule. Lazima tuwe na makundi mawili, tuyalinganishe.

KUANGALIA TU, NA MITEGO YAKE

Kuna njia mbili za kulinganisha. Ya kwanza ni kuangalia tu. Tunatazama mambo yalivyo, hatubadilishi kitu.

Tuchukue mfano. Katika kijiji kimoja, waliopanda mbegu mpya wamevuna magunia mengi kuliko waliopanda mbegu ya zamani. Je, ni mbegu? Hebu tuulize kwanza: nani alinunua mbegu mpya? Ni mwenye fedha. Mwenye fedha ana ng'ombe wa kulimia, kwa hiyo alipanda mapema. Ana samadi. Aliweza kuwalipa vibarua wa palizi. Labda na shamba lake liko bondeni. Sasa mavuno yale yameletwa na mbegu, au samadi, au palizi, au bonde? Hatujui. Mambo yamechanganyika kama mchele na chuya.

Lakini tusidharau kuangalia. Yapo mambo ambayo hatuwezi kuyajaribu kwa watu. Hatuwezi kuwalazimisha watu wavute sigara ili tuone kama watakufa. Huo ungekuwa unyama. Kwa hiyo mwaka 1951 wataalamu wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, waliwaandikia madaktari wa nchi yao na kuwauliza kama wanavuta. Wanaume zaidi ya 34,000 walijibu. Habari zao zikafuatwa kwa miaka 50, mpaka mwaka 2001. Ikaonekana kuwa waliovuta walikufa zaidi kwa saratani ya mapafu. Aliyevuta nyingi alipatwa zaidi kuliko aliyevuta chache. Walioacha, hatari yao ilipungua. Na waliovuta maisha yao yote walikufa mapema kwa miaka 10 hivi, kwa wastani.

Angalieni jinsi walivyofanya. Hawakutazama watu watatu. Walitazama maelfu, kwa miaka mingi. Na wataalamu wengine walipochunguza nchi nyingine walipata jibu lile lile. Kuangalia kwa namna hiyo kuna nguvu. Kuangalia jirani mmoja hakuna.

KUFANYA JARIBIO

Njia ya pili ni jaribio. Hapa hatungoji mambo yatokee. Sisi wenyewe tunaamua nani apewe kitu hiki na nani asipewe.

Zamani mabaharia waliokaa baharini miezi mingi waliugua kiseyeye. Fizi zilivimba na kutoka damu, miguu ikaishiwa nguvu, wakafa. Mwaka 1747 daktari James Lind alikuwa katika meli ya kivita ya Uingereza iitwayo Salisbury. Aliwachukua wagonjwa 12 ambao hali zao zilifanana. Akawalaza mahali pamoja, akawapa chakula cha namna moja. Halafu akawagawa wawili wawili. Wawili wa kwanza walipewa pombe ya matofaa, wengine maji yenye asidi, wengine siki, wengine maji ya bahari, wengine dawa ya kusaga yenye vitunguu saumu. Wawili wa mwisho walipewa machungwa mawili na limau moja kila siku. Machungwa yalikwisha baada ya siku 6. Lakini wale wawili walikuwa wamepata nafuu kuliko wote, na mmoja alikuwa anaweza kurudi kazini.

Kwa nini jaribio hilo lilikuwa na maana? Kwa sababu wagonjwa walifanana, chakula kilifanana, mahali palifanana. Kilichotofautiana ni dawa tu. Lakini lilikuwa na upungufu: watu wawili ni wachache mno. Na jeshi la majini lilikawia. Lilianza kuwapa mabaharia maji ya malimau mwaka 1795, yaani miaka 48 baadaye. Watu wengi walikufa wakati wa kungoja.

KURA HAINA UPENDELEO

Sasa tuje kwetu Afrika Mashariki. Chandarua chenye dawa kinasaidia kweli? Tukiangalia tu, tutadanganyika. Nyumba iliyonunua chandarua huenda ndiyo nyumba ya mwenye fedha, anayeweza kulipa nauli ya kwenda hospitali usiku. Mtoto wake akipona, sifa itakwenda kwa nani? Kwa chandarua au kwa nauli?

Kwa hiyo kati ya mwaka 1993 na 1995 wataalamu walifanya jaribio huko Kilifi, pwani ya Kenya. Hawakuwaachia watu wachague. Maeneo yaligawanywa kwa kura: haya yapate vyandarua vyenye dawa, haya yasipate kwanza. Kura haijui tajiri wala maskini. Haijui mama hodari wala mama mzembe. Kwa hiyo kila upande ulipata watu wa kila namna, na pande zote mbili zikafanana. Halafu wakahesabu. Kule kwenye vyandarua, vifo vya watoto chini ya miaka 5 vilipungua kwa asilimia 33.

Asilimia 33 maana yake nini? Ni theluthi moja hivi. Mahali ambapo wangekufa watoto 30, walikufa kama 20. Watoto 10 walibaki hai.

Lakini angalieni tena: wale 20 walikufa. Basi mtu akisema, "Mtoto wa fulani alilala ndani ya chandarua na bado akapata malaria, kwa hiyo chandarua ni bure," hajaelewa hesabu. Chandarua hakiondoi hatari yote. Kinaipunguza. Na kuipunguza huko ni uhai wa watoto.

Wataalamu hawakuridhika na jaribio moja. Yalifanywa mengine, kama vile Gambia, Ghana na Burkina Faso. Majibu hayakulingana kabisa. Ghana vifo vilipungua kwa asilimia 17. Lakini yote yalielekea upande mmoja. Walipoyaweka pamoja waliona kuwa wakilindwa watoto 1,000, maisha ya watoto 5 au 6 yanaokolewa kila mwaka. Jibu likirudiwa mahali pengi, hapo ndipo tunalisadiki.

JARIBIO LETU SHAMBANI

Haya, tushike jembe. Kikundi chetu kinataka kujua kama mbegu mpya ya mahindi inazidi ya zamani. Tufanyeje?

Kwanza, tuwe na swali moja tu. Tukibadilisha mbegu na pia tukaongeza mbolea upande mmoja, tumekwisha haribu jaribio.

Pili, tupime vipande 8 vya shamba, kila kimoja hatua 10 kwa 10, hatua za mtu yule yule. Tuvipange wawili wawili, vinavyopakana na vyenye udongo wa namna moja. Katika kila jozi turushe sarafu: ikianguka kichwa, kipande cha kushoto kipate mbegu mpya. Tusichague kwa macho, maana mkono utaipeleka mbegu tunayoipenda penye udongo mzuri. Kutumia kura mashambani kulifundishwa sana na Ronald Fisher, aliyeanza kazi katika kituo cha kilimo cha Rothamsted, Uingereza, mwaka 1919.

Tatu, kazi iwe sawa. Kupanda siku moja, nafasi moja, palizi siku moja.

Nne, tupime kwa mizani, tusikisie kwa macho. Mahindi yote yakaushwe sawa na kupukuchuliwa. Kila mfuko upewe namba, na mpimaji asijue ni mbegu gani. Kwa nini? Kwa sababu jicho la anayependa huona uzito usiokuwepo.

Tano, tuandike yote katika daftari, hata yasiyotupendeza.

Tuseme tumepata kilo hizi:

Jozi ya 1: mpya 21, ya zamani 18.
Jozi ya 2: mpya 16, ya zamani 17.
Jozi ya 3: mpya 23, ya zamani 19.
Jozi ya 4: mpya 20, ya zamani 18.

Jumlisheni. Mpya ni kilo 80, ya zamani 72. Gawanyeni kwa 4: wastani ni kilo 20 na kilo 18. Mpya imezidi kwa kilo 2. Basi tushangilie? Ngoja kidogo! Mpya imeshinda mara 3 katika 4. Hata sarafu ukiirusha mara 4 inaweza kuonyesha kichwa mara 3. Jambo hilo si la ajabu. Huenda ni bahati tu.

Lakini tuseme kaya 10 zimefanya jaribio hilo hilo, na mbegu mpya imeshinda katika kaya 9. Sarafu ukiirusha mara 10, kupata kichwa mara 9 au zaidi ni nadra sana, kama mara moja katika mia. Hapo bahati si sababu rahisi tena. Ndiyo maana tunahitaji kurudia, na ndiyo maana umoja wetu ni nguvu.

Bado liko swali la mwisho. Kilo 2 zilizozidi zinalipa bei ya mbegu? Kitu kinaweza kuwa bora, na bado kisitufae.

MASHAHIDI WA MCHUUZI

Mchuuzi wa dawa akisema, "Watu 20 wamepona," tumwulize: katika watu wangapi? Kama ni 20 katika 25, ni habari moja. Kama ni 20 katika 500, ni habari nyingine. Tumwulize tena: wasiokunywa walipona wangapi? Na tukumbuke kwamba aliyekufa hasimami kutoa ushuhuda.

Ndugu zetu, neno moja zito. Mbegu tujaribu wenyewe. Dawa za watu tusijaribu wenyewe. Majaribio kwa watu yana sheria zake: lazima yapate kibali, na anayejaribiwa lazima aelezwe na akubali kwa hiari. Mtoto mwenye homa apelekwe zahanati siku ile ile akapimwe. Malaria haingoji majadiliano.

Kutilia shaka si dharau. Anayesema kweli hataogopa maswali yetu.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Ni kitu gani tulichonunua mwaka huu kwa kusikia sifa tu? Tungekipimaje?

2. Katika jaribio la mahindi, kwa nini tunarusha sarafu badala ya kuchagua?

3. Watoto wanaokunywa maziwa wanafanya vizuri shuleni. Je, ni maziwa tu? Tajeni mambo mengine matatu yanayoweza kuwa sababu.

4. Nani atatunza daftari la jaribio letu msimu ujao?