MWUGUZI NA UZIMA WA WATU WOTE
(Hotuba ya mkatekista siku ya Yubile ya parokia)



Katika historia ya misioni zetu, kanisa, shule na dispensari zilijengwa upande kwa upande. Habari za kanisa na za shule mmekwisha kuzisikia leo. Mimi nimeombwa niseme habari za nyumba ile ya tatu, na za watu wanaofanya kazi ndani yake.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Hapa kwetu tunasema "mganga" kwa daktari, tena kwa yule ambaye vitabu vinamwita mwuguzi. Ninalotaka kusema leo lamhusu mwuguzi. Katika lugha ya Kilatini, neno salus lina maana mbili: afya ya mwili na wokovu wa roho. Kiswahili chetu nacho hakikosi hekima hiyo. Mtu asiyeugua tunasema yu mzima. Na tunaposali twaomba uzima wa milele. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba habari za afya ni habari za dunia tu, zisizofaa kusemwa siku takatifu.

Wengi wanafikiri kwamba mwuguzi ni mtu wa kukaa mezani, anayengoja wagonjwa na sindano yake. Lakini kazi yake kubwa ni kuzuia ugonjwa usiingie nyumbani. Jambo hili lilionekana wazi katika Maniema yetu, huko Kasongo. Tangu mwaka 1971, waganga wa Kasongo, wakisaidiwa na Chuo cha Magonjwa ya Nchi za Joto cha Antwerpen, Ubelgiji, walijaribu njia mpya. Waliona kwamba hospitali moja, hata ikiwa nzuri namna gani, haimfai mama anayekaa mwendo wa siku mbili. Wakasimamisha vituo vya afya, kila kimoja kwa watu wapata 10.000. Mkuu wa kituo hakuwa daktari, bali mwuguzi. Yeye alitibu magonjwa ya kila siku, alipima watoto na mama wenye mimba, alichanja; na mgonjwa aliyemshinda alimtuma hospitali.

Mwezi wa Septemba 1978, wajumbe wa serikali 134 walikutana Alma-Ata, wakatangaza kwamba matunzo ya kwanza ya afya lazima yawe karibu na watu, na watu wenyewe washiriki. Katika miaka ya 1980 nchi yetu, ambayo wakati ule iliitwa Zaire, iligawanywa katika zoni za afya 306. Leo ziko 519. Ndani ya kila zoni, ni mwuguzi anayebeba mzigo wa kijiji.

Tazameni mzigo huo. Mtoto anapofikisha miezi 9, yampasa apate chanjo ya surua. Chanjo ikipata joto huharibika. Ndiyo sababu mnamwona mwuguzi akikimbiza baiskeli na sanduku la barafu, wala hana nafasi ya kusalimia watu njiani. Virusi vya polio vya asili vilionekana nchini kwetu mara ya mwisho mwaka 2011, na mwaka 2020 ilitangazwa kwamba Afrika nzima imeondokana navyo. Waliofanya kazi hiyo ni wale waliotia matone kinywani mwa watoto, kijiji kwa kijiji. Lakini tusilale: polio ya namna nyingine ingali inatokea mahali ambapo watoto wengi hawakuchanjwa.

Ndugu wapendwa, mkono unaoponya waweza pia kudhuru, usipopewa vyombo. Mwaka 1976, katika misioni ya Yambuku, kaskazini mwa nchi yetu, sindano 5 zilitolewa kila asubuhi kwa wagonjwa wote waliokuja kutibiwa na kurudi kwao. Zilisuuzwa kwa maji tu kati ya mtu na mtu. Ugonjwa wa Ebola, uliokuwa haujapata jina bado, ukapita humo. Watu 318 waliugua, 280 walikufa. Na kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali ile, 11 walikufa. Walikuwa watu wa huruma, na huruma yao haikuwakinga. Basi, wewe unayedai sindano kwa kila homa, na kumwita mwuguzi mvivu akikupa vidonge tu, kumbuka Yambuku. Na wewe unayechomwa sindano chumbani kwa mtu asiyejulikana alisomea wapi, kumbuka vilevile.

Mwaka 1995 Ebola ilifika Kikwit. Kati ya wagonjwa 315, watu 80 walikuwa wafanyakazi wa afya. Masista 6 wa Shirika la Maskini la Bergamo, Italia, walikufa mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa hawakuwaacha wagonjwa wao wala wenzao. Mwaka 2021 Kanisa lilitambua fadhila zao za kishujaa.

Katika mfano wa Msamaria mwema, sisi husifu Msamaria, na tunamsahau mwenye nyumba ya wageni. Lakini Msamaria aliondoka asubuhi. Aliyebaki akiosha vidonda, akilisha na kukesha, ni yule mwenye nyumba. Na Msamaria hakumwambia afanye kazi kwa upendo tu: alimpa feza, akaahidi kulipa na zaidi atakaporudi. Wauguzi wengi wa nchi yetu hawapati mshahara wa serikali, na wengine wanapata kidogo mno. Tukiwasifu leo kwa ngoma na kesho tukawaacha na njaa, tumekuwa Msamaria asiyerudi.

Kwa hiyo naomba mambo manne. Kila shirika lichague mtu mmoja wa kusaidia kituo cha afya, kutangaza siku ya chanjo na kutafuta watoto waliokosa. Kila nyumba iweke akiba kidogo tangu mimba inapojulikana, kusudi mama asipelekwe kituoni akiwa amechoka kabisa. Vijana walime shamba la mihogo na karanga kwa ajili ya mwuguzi na jamaa yake, na kutengeneza njia ya kipoyi kabla ya mvua. Na sisi wakatekista, tusimzuie mgonjwa katika sala wakati inapompasa kwenda kutibiwa. Tumsindikize, na sala tuifanye njiani.

Mungu, aliye asili ya uzima wote, awabariki wauguzi wetu, awape nguvu wanaokesha usiku huu, na awapokee mbinguni waliokufa katika kazi hiyo.