Njoo, Lakini Waache Watoto

Msikilizaji, kaskazini mwa Japani, mkoani Yamagata, kuna mji mdogo uitwao Nagai. Wakazi wake ni kama 25,000 hivi. Agosti 2025, kwenye mkutano wa Japani na Afrika uliofanyika Yokohama, shirika la maendeleo la Japani, JICA, liliutangaza mji huo kuwa nyumbani kwa Tanzania. Miji mingine mitatu ilipewa Msumbiji, Ghana na Nigeria. Lengo lilikuwa kutembeleana na kujuana. Hapakuwa na viza ya pekee, wala mpango wa kumhamisha mtu.

Lakini mitandaoni ulizuka uvumi kwamba miji hiyo imegawiwa Waafrika. Simu za hofu na hasira zikamiminika kwenye ofisi za halmashauri. Serikali ikakanusha, JICA ikakanusha, haikusaidia. Septemba 25 mpango wote ukafutwa.

Sasa tuitazame nchi iliyoingiwa na hofu hiyo. Mwaka 2024 Wajapani walipata watoto takriban 686,000, huku wakizika watu takriban 1,600,000. Katika kila watu 10, karibu 3 wametimiza miaka 65 au zaidi. Nyumba zipatazo 9,000,000 hazina mtu ndani yake, na vijijini shule zinafungwa kwa sababu hakuna wa kuandikishwa darasa la kwanza.

Na wageni? Wapo tayari. Mwishoni mwa 2024 walikuwa kama 3,770,000, yaani watu 3 katika kila 100. Ndio wanaowaogesha wazee wasiojiweza, wanaosafisha samaki viwandani, wanaovuna kabichi, wanaosimama dukani saa nane za usiku. Hata umoja wa damu wa Wajapani unaohubiriwa majukwaani haukuwahi kuwa kamili. Januari 2020 Aso Taro, akiwa naibu waziri mkuu, alisema Japani imedumu miaka 2,000 kwa lugha moja na kabila moja. Mwaka mmoja tu kabla yake bunge lilikuwa limepitisha sheria inayowatambua Waainu kuwa wenyeji wa asili wa kaskazini mwa nchi hiyo hiyo.

Sisemi Japani ifungue milango bila kuuliza. Kila taifa lina haki ya kuamua nani aingie, na mzee wa kijijini anayehofia kuamka akute mtaa wake haumtambui hastahili kubezwa. Ninalolipinga ni jambo jingine, tena baya zaidi.

Tangu 1993 Japani ina mpango wa uanagenzi. Kijana wa Vietnam, Indonesia au Ufilipino huja kwa jina la kujifunza ufundi, kumbe ndiye nguvu kazi yenyewe. Kwa kawaida kumhama mwajiri haruhusiwi, na mwenzi wake na watoto hubaki kwao. Mwaka 2019 ikaja viza mpya ya wafanyakazi wenye ujuzi. Daraja lake la kwanza kwa kawaida lina kikomo cha miaka 5, na hapo pia familia haiji. Sheria ya 2024 inaufuta uanagenzi ifikapo 2027 na kulegeza suala la kubadili mwajiri. Kuhusu familia, mlango umebaki umefungwa.

Hebu lipime hilo, msikilizaji. Nchi inayolilia watoto inamwambia kijana aliye katika umri wa kuzaa: njoo, lakini waache watoto wako. Machi 2023 Mahakama ya Juu ya Japani ilimfutia hatia mwanagenzi mmoja wa Kivietinamu aliyekuwa ameshtakiwa kwa kutelekeza miili ya mapacha wake, waliozaliwa wakiwa wamekufa. Alikuwa ameificha mimba kwa kuogopa kurudishwa kwao. Peke yake chumbani, katika nchi inayohesabu kila mtoto anayezaliwa, binti huyo aliiona mimba kuwa kosa la kazini! Hilo siwezi kulisoma na kulipita.

Wala damu si kinga. Wabrazili wenye asili ya Kijapani waliitwa kuanzia 1990 wakafanye kazi viwandani. Uchumi ulipoanguka, mwaka 2009, serikali ikawalipa yeni 300,000 kila mfanyakazi aondoke, kwa sharti la kutorudi kwa viza ile ile. Walikuwa wajukuu wa nchi.

Kwa hiyo vijana wetu, akija mtu mtaani na fomu za kazi Japani, mwulizeni ni viza ya aina gani na ya miaka mingapi, na mkataba ukivunjika mtamhamia mwajiri gani. Na wakuu wetu wa kazi na ajira, siku mtakapoketi na Wajapani kuandika makubaliano, msianze na mshahara na mkaishia hapo. Ulizeni mke au mume atafika lini, na mtoto atakayezaliwa huko atasoma shule ipi.