Matangazo ya Video ya Moja kwa Moja: Daraja la Amani au Mafuta kwenye Moto?

Mazungumzo yaliyotolewa Bunia mbele ya jamaa za wakimbizi wa ndani na viongozi wa kambi



 Tunajua wengine wenu mmetembea kwa miguu tangu asubuhi, na wengine mmeacha madumu yenu kwenye foleni ya maji. Kwa hiyo tutasema mambo yanayoweza kuwafaa, bila kuzunguka sana.

Siku hizi karibu kila kambi ina kijana mwenye telefone anayejua kufungua Facebook na kuonyesha video papo hapo, kile tunachokiita direkti. Facebook ilifungua njia hiyo kwa watu wote mwaka 2016. Tangu hapo, mtu mwenye mega chache amekuwa kama kituo kidogo cha televisheni. Jambo hilo ni jema, na tena ni la hatari. Leo tunataka kueleza jinsi ya kulitumia kwa amani, kwa msaada wa programu za studio zinazofunguka ndani ya kivinjari. Na tutaanza kwa kuungama kosa letu wenyewe.

Kosa letu la kwanza

Direkti yetu ya kwanza tuliifanya kwa telefone moja. Tulitaka ndugu walio mbali wasikie maisha ya kambini kutoka kwa wenyewe. Tulizunguka kati ya mahema, tukamwomba mama mmoja aseme. Akasema vizuri, kwa uchungu. Kisha, katikati ya maneno yake, akataja kijiji ambako mume wake alikuwa amerudi kwa siri kuvuna mihogo, na siku ambayo angerudi kambini. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anaeleza njaa.

Sisi tulikuwa tumeshika telefone tu. Hapakuwa na mtu wa kukata sauti, wala mtu aliyezungumza na mama huyo kabla. Tulifunga direkti na kufuta video, lakini watu walikuwa wamekwisha kuichukua na kuipitisha katika vikundi vya WhatsApp. Maji yakimwagika hayazoleki. Usiku ule hatukulala. Tulitafuta njia ya kumfikishia yule baba habari ili abadili njia na siku. Alirudi salama, tunamshukuru Mungu. Lakini mama alituambia neno ambalo hatulisahau: “Mliniuliza kama ninataka kusema. Hamkuniuliza kama ninajua ni nani atakayesikia.”

Neno hilo ndilo msingi wa mazungumzo haya. Hapa Ituri si mchezo. Tarehe 1 Februari 2022, usiku, kambi ya Plaine Savo katika teritwari ya Djugu ilishambuliwa na watu karibu 60 wakauawa. Kwa hiyo mtu anapoonyesha kambi kwenye mtandao, na njia zake na milango yake, ajue kwamba watazamaji wake si ndugu peke yao.

Studio ndani ya kivinjari ni nini?

Kivinjari ni ile programu tunayofungulia mtandao, kama Chrome au Firefox. Zamani, kutangaza watu walio mahali mbalimbali kwenye picha moja kulihitaji mitambo ya bei kubwa na fundi. Siku hizi kuna programu, kama StreamYard na Restream, ambazo hazihitaji kuwekwa ndani ya kompyuta. Unazifungua kama unavyofungua ukurasa wowote wa mtandao.

Kazi yake inakwenda hivi. Msimamizi anafungua studio kwenye kompyuta yake. Studio inampa kiungo, ambacho wengi tunakiita linki. Anawatumia linki hiyo wageni wake. Mgeni anaibonyeza kwenye telefone, anaruhusu kamera na maikrofoni, anaandika jina la kuonyeshwa, na anaingia. Lakini haingii moja kwa moja hewani. Anakaa kwanza katika chumba cha kungojea. Msimamizi anamwona na kumsikia, anazungumza naye, na ni msimamizi peke yake anayemtoa pale na kumweka mbele ya watu. Mitambo ya kampuni, iliyo mbali, ndiyo inayounganisha picha za wote na kuzipeleka Facebook au YouTube. Ndiyo sababu kompyuta ya kawaida inatosha.

Tusidanganyane: programu hizi ni mali ya kampuni za biashara. Toleo la bure linaonyesha alama ya kampuni kwenye picha na lina mipaka yake. Toleo la kulipia linalipwa kwa dola. Sisi tunawashauri kuanza na la bure.

Faida tulizoziona

Faida ya kwanza ni mlango. Kwenye telefone moja, kila anayepita mbele ya kamera amekwisha kuonekana. Kwenye studio, hakuna anayeonekana bila kufunguliwa. Mtu aliyepata linki bila kualikwa anabaki chumbani mpaka anapotolewa.

Faida ya pili ni kukutana bila kusafiri. Mnajua barabara ya taifa namba 27, kutoka hapa kwenda Mahagi, na watu waliopotea juu yake. Kuna wazee wanaotaka kuzungumza na wazee wenzao wa upande mwingine, lakini hakuna anayethubutu kupanda gari. Siku moja habari ilienea kwamba vijana wa kijiji fulani wamewakamata wanawake wa kambi waliokwenda kutafuta kuni. Vijana wa kambi walianza kukusanya mapanga. Tulimwita shefu wa kijiji kile, tukamwita rais wa kambi, kila mmoja mahali pake, na wakaonekana pamoja kwenye picha moja. Shefu akasema: wanawake wamepita hapa asubuhi, wamekwenda njia ya mtoni. Nusu saa baadaye wanawake wakafika wakiwa na kuni zao, na wakaja mbele ya kamera wenyewe. Kama ingekuwa video ya zamani, watu wangesema ni ya mwaka jana. Kwa sababu ilikuwa papo hapo, na maswali ya vijana yalisomwa na kujibiwa, watu walirudi kwenye mahema yao.

Faida ya tatu ni kwamba msimamizi anachagua maoni ya kuonyesha kwenye picha. Watu wataandika matusi, hilo halikwepeki. Lakini tusi lililobaki pembeni halina nguvu ya tusi lililosomwa kwa sauti mbele ya watu wote.

Matayarisho

Tangu Juni 2024, Facebook inadai akaunti iwe na siku 60 au zaidi, na ukurasa uwe na wafuasi 100 au zaidi, kabla ya kuruhusu direkti. Kwa YouTube, lazima uthibitishe namba ya telefone, na ruhusa ya mara ya kwanza inaweza kuchukua hadi saa 24. Kwa hiyo msingoje siku ya hatari ndipo mfungue ukurasa. Ufungueni leo, wakati kuna utulivu.

Kuhusu mega: picha nzuri ya kawaida inatumia karibu megabiti 3 kila sekunde. Kwa saa moja, hiyo ni zaidi ya gigabaiti 1 na robo kwa kuituma tu, bila kuhesabu picha za wageni unazopokea. Mkiona mtandao ni mdogo, punguzeni ubora wa picha, au mgeni afunge kamera na abakize sauti. Watu watavumilia picha mbaya. Hawatavumilia sauti inayokatika. Chajini betri mapema na muwe na telefone ya pili yenye mega za kampuni nyingine. Msimamizi wa pili akiwa ndani ya studio, kwa kawaida matangazo yanaendelea hata kama mtandao wa wa kwanza umekatika.

Jueni pia kwamba watazamaji wanaona mambo kwa kuchelewa, pengine nusu dakika. Ukiuliza swali, ngoja kidogo. Na video ya direkti haikai Facebook milele: tangu Februari 2025 inafutwa baada ya siku 30. Kama ina mapatano ya wazee, ichukueni na kuiweka mahali salama.

Kanuni tunazozifuata

1. Kila mgeni anazungumza na sisi kabla ya siku ya matangazo. Tunamweleza kwamba adui naye anaweza kutazama, na kwamba video iliyotoka hairudi. Akikataa, hatumbembelezi.

2. Katika sehemu ya jina tunaandika kazi au cheo tu, kama “mama wa kambi” au “mwalimu”. Mwenye hofu anafunga kamera. Lakini akumbuke kwamba sauti pia inajulikana.

3. Nyuma ya mgeni pawe na ukuta au kitambaa. Tusionyeshe namba ya hema, kilima, kisima wala barabara.

4. Hatutaji njia, siku za safari, mahali pa mashamba, wala mahali walipo askari.

5. Watoto hatuwaonyeshi. Walioteswa au kubakwa hatuwaweki kwenye direkti, hata wakiomba wenyewe. Ushuhuda wao una mahali pake, mbele ya watu waliofundishwa kuupokea na kuutunza.

6. Linki ya studio haipelekwi katika kikundi. Kila mgeni anatumiwa yake peke yake.

7. Msimamizi hatoi macho yake kwenye kitufe cha kunyamazisha sauti.

Kanuni ya saba isitudanganye. Kitufe kinazuia neno la pili, neno la kwanza limekwisha kutoka. Kwa hiyo kazi kubwa ya direkti inafanyika kabla ya kuifungua.

Nani ashike mlango?

Hapa tunaomba viongozi watuvumilie, maana tunasema nao hasa. Mlango unaomzuia mchochezi unaweza pia kumzuia mama anayetaka kuuliza kwa nini jina lake halimo kwenye orodha ya chakula. Tumeona mahali ambapo studio iligeuka kuwa kiti cha mtu mmoja. Yeye alisema, wengine wakangojea chumbani mpaka matangazo yakaisha. Siku iliyofuata vijana walifungua direkti yao kwa telefone, kwa hasira, bila kanuni hata moja. Walisema mambo ambayo yangeweza kuwaua watu.

Mtu akizuiwa mlangoni, atatafuta dirisha. Kwa hiyo tunapendekeza mlango ushikwe na watu watatu: mmoja wa kambi, mmoja wa jamaa zilizotupokea, na angalau mmoja kati yao awe mwanamke. Anayenyimwa nafasi aelezwe sababu. Malalamiko juu ya viongozi si uchochezi. Uchochezi ni kuita watu wapigane, kutukana kabila, na kueneza habari ambayo hukuihakikisha. Kumbukeni pia kwamba nchi yetu ina sheria ya mambo ya mtandao, ile ya tarehe 13 Machi 2023, na inaadhibu wanaoeneza habari za uongo. Kwa hiyo anayeshika mlango ana wajibu mbele ya sheria pia.

Tusiwasahau wasio na telefone

Wazee wetu wengi hawana telefone ya kuona video, na mtandao wenyewe si wa kutegemea. Mwisho wa Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa katika nchi nzima kwa karibu siku 20. Kwa hiyo kila direkti nzuri tunachukua sauti yake, tunaiweka kwenye kadi ndogo, na kuipeleka kwa redio za jirani na kwa vikundi vya kusikiliza kambini. Redio bado ni mama wa habari katika mkoa wetu.

Na redio yenyewe imetufundisha. Mwaka 1994, nchini Rwanda, redio RTLM ilitumiwa kuita watu wauane. Mwaka 2002, hapa Kongo, Radio Okapi ilianza, na watu waliotenganishwa na mistari ya vita wakaanza kusikia habari moja. Chombo kilikuwa kile kile. Tofauti ilikuwa ni watu waliokaa mbele ya maikrofoni na nia waliyokuwa nayo.

Kwa kumaliza

Wapendwa, hatukuja kuwaambia kwamba programu italeta amani. Amani italetwa na ninyi mnaokubali kusikilizana. Tunawaomba mambo matatu kabla ya kuachana leo. Kila kambi ichague watu wake watatu wa mlango. Kila kundi lifungue ukurasa wake sasa, bila kungoja. Na kabla ya kumweka mtu yeyote mbele ya kamera, mwulizeni lile swali ambalo sisi hatukumwuliza yule mama: unajua ni nani atakayesikia?