Peintiboli na Dhamana ya Macho



Wasaa huu niliopewa nimependa kuutumia kuzungumzia mchezo wa peintiboli, ambao asili yake ni Marekani, na ambao umekwisha kuingia Nairobi na kupata wapenzi katika nchi za Ghuba waliko ndugu zetu wengi. Ni mchezo wa makundi mawili yanayowindana msituni, au katika uwanja uliojengwa vizuizi makusudi, kila mchezaji ameshika bunduki inayotupa vidonge vya rangi kwa nguvu ya hewa. Na yule ambaye kidonge kimempata kikapasuka juu yake, hana budi kutoka mpaka duru ijayo. Wapo wazazi ambao wakisikia sifa hizi tu hukunja nyuso wakasema kwamba hivyo ni vita vilivyopewa jina la burudani, na wapo vijana ambao, kwa kuwa risasi ni rangi tupu, huingia uwanjani kama waendao kucheza gololi. Rai yangu ni kwamba mzazi amekosea kuuhukumu mchezo kwa sura yake, na kijana amekosea zaidi kuyadharau masharti yake, kwa sababu masharti hayo ndiyo yanayoufanya uwe mchezo, na pasipo hayo hakuna kinachobaki ila watu wenye silaha.

Bunduki yenyewe haikuzaliwa kambini. Ilibuniwa kwa ajili ya mabwana misitu, ambao kazi yao mojawapo ni kutia alama miti iliyochaguliwa kukatwa, na kwa ajili ya wafugaji wa ng'ombe, ambao mara nyingi huhitaji kumtia alama mnyama mmoja katika kundi pasipo kumkaribia. Kampuni ya rangi ya Nelson, ya jimbo la Michigan, ndiyo iliyouza bastola ya namna hiyo iliyoitwa Nelspot 007, iliyotengenezwa na Daisy, kiwanda mashuhuri kwa bunduki za upepo. Basi walikuwapo marafiki wawili, Hayes Noel, aliyekuwa dalali wa hisa mjini New York, na Charles Gaines, mwandishi wa vitabu aliyeishi New Hampshire, wenye mjadala usiokwisha baina yao: mtu aliyelelewa katika mashindano ya mjini na mtu aliyezoea msitu, wakitupwa porini, ni nani atakayesalimika? Maneno yaliendelea hivyo mpaka rafiki yao mmoja alipowaonyesha bastola ya Nelspot katika katalogi ya vifaa vya shamba, wakatambua kwamba wamepata mizani ya kuupimia ubishi wao. Bob Gurnsey akashirikiana nao kutunga kanuni, na tarehe 27 Juni 1981 wanaume 12 wakakusanyika katika msitu wa Henniker, huko New Hampshire, kila mmoja peke yake dhidi ya wenzake wote, wakatawanyika kutafuta bendera za rangi mbalimbali zilizowekwa katika vituo vinne. Mshindi angekuwa yule atakayekusanya bendera moja ya kila rangi na kutoka msituni hali hajapatwa na rangi.

Aliyeshinda ni Ritchie White, bwana misitu, naye alishinda pasipo kufyatua risasi hata moja. Wenzake walipokuwa wakiviziana na kupigana, yeye alipita kati ya miti kimya kimya, akachukua bendera zake zote nne, akatoka. Nimeileta habari hii mbele yenu makusudi, kwa kuwa wengi wanaoutangaza mchezo huu siku hizi husifu wepesi wa kidole na wingi wa risasi, ilhali siku ile ya kwanza ubora ulikwenda kwa mtu mwenye subira, mwenye kuijua ardhi aikanyagayo, na mwenye kuyamiliki macho na masikio yake. Mwaka uliofuata watu wakaanza kufungua viwanja vya kulipia, na mchezo ukaenea duniani.

Risasi za siku hizo zilijaa rangi ya mafuta, isiyotoka nguoni ila kwa tapentaini. Za leo ni vidonge vya mviringo vyenye upana wa kama milimita 17 na uzito wa takriban gramu 3, ganda lake likiwa jelatini, ile ile inayotumika kufungia dawa za majimaji tunazomeza, na ndani yake mna majimaji mazito yaliyotiwa rangi, yanayotoka kwa maji na sabuni. Jelatini hunywa unyevu, na jambo hili mtu wa pwani hana haja ya kufafanuliwa: kidonge kilichoachwa wazi katika hewa yetu huvimba na kulegea, hukwama ndani ya mtutu, au hupasuka humo na kuuchafua. Kwa sababu hiyo hiyo kidonge kilichoanguka chini hakiokotwi kikarudishwa katika bunduki, hata kikionekana kizima. Ama wale wanaotia vidonge katika friji ya barafu ili viwe vigumu na kuumiza zaidi, hao wamekwisha kutoka katika mchezo na kuingia katika dhulma, na kiwanja chenye adabu huwafukuza.

Bunduki husukuma kidonge ama kwa gesi ya kabonidayoksaidi ama kwa hewa ya kawaida iliyoshindiliwa katika mtungi. Mwendo wa juu kabisa unaokubalika viwanjani ni futi 300 kwa sekunde, yaani kama mita 91, na viwanja vingi vimechagua kiwango cha chini ya hapo. Mwendo huu haukisiwi kwa macho. Kabla ya mchezo kila mchezaji husimama mbele ya kipimamwendo, barakoa usoni, akapiga risasi chache huku mwamuzi akisoma tarakimu, na bunduki iliyozidi hurekebishwa palepale au huwekwa kando. Lakini kabonidayoksaidi ina tabia yake: jua likiupasha mtungi joto, kanieneo iliyo ndani hupanda, na bunduki iliyopimwa ikakubaliwa alfajiri kwenye baridi yaweza kuvuka kiwango ifikapo adhuhuri bila ya mwenyewe kuigusa. Katika nchi zetu za joto, mwamuzi anayepima mara moja tu asubuhi hajaitimiza kazi yake. Kadhalika mtungi wenyewe hauchezewi. Unapofunguliwa kutoka katika bunduki yapasa kuangaliwa kwamba ni mtungi unaotoka na wala si valvu yake inayozunguka, kwa kuwa valvu ikichomoka gesi huutupa mtungi kwa nguvu ya kutisha, na yamewahi kutokea mauti huko Marekani kwa sababu hiyo.

Mavazi sitayasemea sana. Nguo za mikono mirefu, suruali nzito, viatu vilivyofungwa vizuri na kitu cha kukinga shingo vyatosha kwa mwanzo, na atakayepigwa pajani atapata alama nyekundu, pengine jeraha dogo la kuvilia damu, ambalo litapona kwa siku chache.

Jicho haliponi hivyo, na hapa ndipo ninapowaomba mnisikilize kwa makini. Mpira wa miguu ukimpiga mtu usoni, mfupa wa paji na mfupa wa shavu hupokea sehemu kubwa ya kishindo, kwa sababu mpira ni mpana kuliko tundu la jicho. Kidonge cha milimita 17 hakizuiliwi na mfupa wowote; huingia baina ya paji na shavu na kuipiga mboni yenyewe kwa nguvu yake yote. Madaktari wa macho wamekuwa wakiyaandika majeraha haya tangu miaka ya 1980: damu kujaa mbele ya mboni, lenzi kupatwa na mtoto wa jicho, retina kuchanika na kubanduka, na kwa wengine upofu wa kudumu wa jicho lile. Katika taarifa hizo jambo moja hukaririwa, nalo ni kwamba wengi wa walioumia hawakuwa wamevaa kinga ya macho wakati walipopigwa.

Baadhi yao hawakuivaa kabisa, kwa kuwa walichezea uani, bila mwamuzi wala uwanja. Lakini wako pia waliokuwa nayo wakaivua. Fikirini mchezaji aliyejilaza nyuma ya gogo, amekimbia, anahema. Pumzi yake ya moto inapanda ndani ya barakoa, kioo kinaingia ukungu, jasho linamtiririkia, naye haoni kitu. Kusikia hasikii mtu karibu. Mkono unakwenda wenyewe usoni, unainua barakoa kidogo tu, kiasi cha kupitisha kidole na kufuta. Katika dakika hiyo hiyo yuko mtu umbali wa hatua thelathini ambaye hajui kwamba barakoa imeinuliwa, ambaye anachokiona ni kichwa nyuma ya gogo, na ambaye kwa haki kabisa anafyatua. Kanuni katika hali hii haina tafsiri mbili: mchezaji asiyeona hulala kifudifudi, huufunika uso wake, humwita mwamuzi kwa sauti kubwa, naye mwamuzi husimamisha mchezo na kumwongoza kwa mkono mpaka nje ya uwanja, mahali pa amani, ambapo kila mtutu umefungwa. Na mchezaji yeyote akimwona mwenzake, hata awe adui yake wa duru ile, uso wake u wazi, wajibu wake ni kupaza sauti kwamba mchezo usimame.

Barakoa inayofaa ni ile iliyotengenezwa kwa ajili ya peintiboli, yenye kioo cha polikaboneti, inayofunika macho, masikio, pua na kinywa, na yenye mkanda uliobana hata mtu akianguka isitoke. Miwani ya fundi seremala, miwani ya pikipiki, miwani ya kuogelea, hizo zote hazikuundwa kuhimili kishindo hiki. Tena kioo huzeeka. Kikikwaruzika sana, kikipata ufa hata wa unywele, au kikioshwa kwa dawa kali, nguvu yake hupungua ingawa bado kinapitisha mwanga, na wajibu wa mwenye kiwanja ni kukibadili kabla ya mteja kuuliza.

Mahali pa amani pana masharti yake pia. Kila mtutu huvishwa mfuko wake wenye kamba, unaokamata risasi iliyotoka kwa bahati mbaya. Kizuizi cha kifyatulio huwekwa. Wala mtu hamwelekezei mwenzake bunduki hata kwa utani. Uwanjani hakuna kufyatua kwa kuutoa mkono juu ya kizuizi huku macho yamejificha, kwa maana asiyeona aelekezapo hajui anampiga nani, wala kama ni usoni au mgongoni. Anayemfikia adui kwa karibu sana, hatua chache tu, humtaka asalimu amri badala ya kumpiga, kwa sababu maumivu ya risasi ya karibu hayana faida yoyote katika ushindi. Na aliyepatwa huinua mkono na bunduki juu, akatamka kwamba amepatwa, akatoka. Wapo wanaojifuta rangi kwa siri wakaendelea. Mimi naona kosa hilo ni kubwa kuliko lilivyozoeleka kuonekana, kwa kuwa katika msitu mwamuzi hawezi kuwa nyuma ya kila mti, na mchezo mzima umesimama juu ya uaminifu wa mtu ambaye hakuna amwonaye.

Basi nawaomba wazazi jambo jepesi. Siku mwanao atakapokuomba ruhusa, usimkatalie, fuatana naye. Kabla ya kutoa fedha, omba kuonyeshwa barakoa atakayovaa, uishike mkononi, ukitazame kioo chake kwenye mwanga, uuvute mkanda. Omba kukiona kipimamwendo, na uulize bunduki hupimwa mara ngapi kwa siku. Waulize waamuzi ni wangapi na kila mmoja anasimamia wachezaji wangapi. Kiwanja chenye watu waaminifu kitafurahi kujibu maswali haya. Kiwanja kitakachokasirika, mshike mwanao mkono mrudi nyumbani, na fedha yako ibaki mfukoni.